Magari Yaliyofungwa Bafta

Wenzangu msibani walipewa kazi ya kuchambua mchele. Mimi, kwa kuwa magoti yangu yalistaafu mapema kuliko mwenyewe, nilikalishwa kwenye kitanda cha Filomena, chumbani kwake, Iringa, na mjukuu wake Neema akaniwekea mapajani bati la biskuti lenye picha ya farasi aliyefutika kichwa. "Bibi alisema hili ni lako, Bibi Sekela. Alisema ulifungue kabla hajazikwa, siyo baada." Kisha akakimbilia uani, walikokuwa wakimwita kuhusu chumvi. Nyuma ya ukuta nilisikia maji yakimwagwa taratibu. Akina mama walikuwa wanamwosha. Nikafungua bati nikitegemea kukuta shanga, au ile pete yake iliyonitesa kwa wivu tangu ujana. Ndani hamkuwa na kitu ila kipande cha bafta, kilichokuwa cheupe enzi zake na sasa kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, chenye urefu wa kiganja na nusu. Ncha moja imekatwa kwa mkasi. Ncha nyingine imechanwa kwa mkono, mshazari, na katikati ya mchano umetokeza ulimi mdogo uliopindia kushoto. Wanaonijua watawaambia kwamba mimi ni mtia chumvi mkubwa. Nikisema nilimwona nyoka, gawanyeni kwa nne mpate mjusi. Lakini kuhusu kipande hiki nitajizuia kadiri ninavyoweza, na pale nitakaposhindwa nitawaambia.

Mwaka kilipochanwa nilikuwa na miaka ishirini hivi, nimetoka Mbeya kuja Iringa kujifunza cherehani, na nilikaa chumba kimoja na Filomena nyuma ya duka la nguo. Chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba mmoja akitaka kugeuka kitandani lazima aombe kibali. Mchana tulishona, jioni tulikwenda shule ya watu wazima, ambako mwalimu alitufundisha kusoma kwa sauti ya kuwafukuza ndege shambani. (Cheti changu ninacho hadi leo. Waziri yeyote akitaka kukiona, aje.) Chakula kilikuwa ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali, na Jumapili viazi, ambavyo Filomena alivipika na majani ya maboga mpaka majirani wakaanza kupita mlangoni wakijifanya wamepotea njia. Ukuta kati yetu na duka ulikuwa wa mbao, na mbao zile zilikuwa na masikio kwetu, siyo kwao. Tulisikia kila kitu. Ndivyo tulivyosikia habari ya mashindano ya magari, siku mwenye duka alipokuwa anazungumza na mteja wake.

"Magari yatatoka Mbeya, yatapita hapa chini Ipogolo. Watu watakuja na magari yao kutazama magari."

"Watu wenye magari waje kutazama magari? Si watazame ya kwao?"

"Ndugu yangu, mtu mwenye ng'ombe haendi kutazama ng'ombe wa mwenzake? Watakuja. Na mtu akishatoka nyumbani lazima arudi na kitu. Nitawauzia vibendera, leso za shingoni, kofia."

Filomena aliacha kukanyaga cherehani, akanitazama. Kesho yake kazi ikawa yetu. Mimi nilipewa kuchora gari la kupigwa chapa kwenye leso, na nilikuwa sijawahi kulitazama gari kwa makini, kwa hiyo nilichora kitu ambacho Filomena alikitazama kwa muda mrefu halafu akaniuliza kama kobe yule ana mimba. Tuliwapiga chapa makobe yale kwenye leso mia elfu. Haya, mia mbili.

Filomena alikuwa na sababu yake ya kushona kwa bidii kuliko mimi. Mchumba wake, Luka, alikuwa fundi kwenye gereji moja huko Mbeya, na setla mmoja mwenye gari la mashindano, gari namba saba, alikuwa amemchagua akae naye humo ndani kama makanika. Ndoa yao ilishatangazwa kanisani Jumapili mbili, Jumapili ya tatu ilikuwa inafuata mara tu baada ya mashindano. Usiku na mchana nilisikia Luka hivi, Luka vile. Nilimwambia Luka akiendelea kutajwa hivyo jina litachakaa kabla ya harusi. "Acha lichakae," akasema, "nitalitia kiraka." Lakini nilimwona kila asubuhi akisimama kwenye ramani ya shuleni aliyoinakili kwenye karatasi ya sukari, akiufuata kwa kidole mstari wa barabara kutoka Mbeya hadi Iringa, na kila kona alipitisha kidole polepole, kama vile yeye ndiye anayeshika usukani.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe nilitumwa Mbeya na mzigo wa leso. Nilifika asubuhi ya ukungu. Ninyi mnaokaa nchi za joto mnadhani ukungu ni moshi wa baridi. Ukungu wa chini ya mlima Loleza ni ukuta, unaweza kuutundikia koti. Nilimkuta Luka gerejini, miguu tu, mwili wote uko chini ya gari. Nikampa leso ya Filomena, aliyoishona pindo yeye mwenyewe kwa uzi mwekundu. Akaifunga shingoni palepale na mikono yake ya grisi. "Mwambie nitampungia mkono akiwa na vibendera vyake," akasema. "Na mwambie kobe huyu ni mzuri." Leso zilikwisha kabla ya saa nne. Nikabaki na kazi moja: mwenye duka alikuwa amekubali sisi wawili tusimamie uwanja wa kuegeshea magari ya watazamaji kule Ipogolo, kwa sababu vijana aliowaajiri mwaka uliopita kwenye maonyesho ya ng'ombe walikunywa pombe ya ulanzi wakawapa watu ng'ombe wasio wao. Filomena alikuwa amebuni utaratibu. Tungechukua utepe wa kitambaa, tuuchane katikati kwa kuupindapinda ili mchano usiwe sawa na mwingine wowote. Nusu tungeifunga kwenye gari, nusu tungempa mwenyewe. Wakati wa kuondoka, nusu na nusu zikikubaliana, gari ni lako. Zikikataana, kaa chini tuzungumze. Nilitakiwa nitafute kitambaa cha kazi hiyo, kitambaa cha bei nafuu.

Nilimwona yule mama mwisho wa soko, pale ambapo hakuna wauzaji. Alikuwa amesimama peke yake katika ukungu, ameshika bafta nyeupe iliyokunjwa, kipande kilichobaki baada ya kingine kukatwa. Hakuwa ameiweka chini wala hakuwa anaita wateja. Nikamsalimu kwa Kinyakyusa, hakujibu. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Akasema, "Chukua." Nikauliza urefu wake. "Usipime." Akataja bei ya kuchekesha, kama mtu anayekulipa umwondolee takataka, na alipoipokea hela yangu niliona mikono yake: udongo mwekundu, mbichi, hadi kwenye vifundo, umejaa kwenye kucha. Nikasema moyoni, huyu katoka shambani. Haikuwa majira ya kulima. Hilo lilinijia nikiwa tayari kwenye basi, nikalifukuza, kwa sababu nilikuwa nimepata kitambaa kwa bei ya bure na nilikuwa natafuta namna ya kujisifu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo Mzungu hawezi kulikosea kwa sababu halijui, na mtu mzima wa kwetu hawezi kulikosea kwa sababu analijua. Lilihitaji msichana mwenye haraka. Sehemu zile, mtu akifa, sanda yake ikishakatwa, kile kipande kinachobaki hakirudi nyumbani wala hakiuzwi. Kinachanwa tepe, wafiwa wanafungwa mkononi, mpaka kiishe. Lazima kiishe. Nililijua hilo kama unavyolijua jina la babu yako mzaa babu: lipo, lakini huliiti.

Siku ya mashindano tulikuwa uwanjani tangu asubuhi. Magari ya watazamaji yalikuja mengi kuliko nilivyodhani yapo duniani, ya masetla, ya wafanyabiashara, malori ya mbao yaliyobeba kwaya nzima. Filomena alikuwa ameshika mkasi na bafta, anakata, anapinda, anachana, mimi nafunga kwenye kioo cha pembeni na kuelekeza kwa sauti yangu ya shule ya jioni: "Rudi nyuma, baba! Nyuma! Huko ni mbele!" Leso na vibendera viliuzwa mikononi mwetu hapohapo, na Mzungu mmoja mnene alivaa kofia mbili. Tulicheka. Kisha watazamaji wote wakashuka kwenda kujipanga barabarani, na uwanja ukabaki sisi wawili na magari. Hapo ndipo nilipokisikia. Kimya, namaanisha. Magari arobaini na kitu yamepangwa mistari, vioo vinang'aa, na kila moja lina utepe mweupe, na tepe zile zilikuwa zinacheza. Nililowesha kidole nikakiinua. Hapakuwa na upepo.

Shangazi yake Filomena, Shangazi Veronika, alitoka upande wa Tosamaganga kutuletea chakula. Tulimwona akiteremka na kikapu kichwani, amejipamba, kibendera amekichomeka kwenye kilemba kwa ajili ya Luka. Alipofika kwenye mstari wa kwanza wa magari akasimama. Akashusha kikapu. Akavua viatu. Nilidhani miguu inamuuma.

"Shikamoo, shangazi," tukasema.

Alizitazama tepe. Akasema, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Haya ni magari ya watu."

"Naona ni magari. Nauliza marehemu ni nani, mbona hamkutuma mtu?" Akaenda kwenye gari la karibu, akaushika utepe kwa vidole viwili, akaunusa. "Hii ilikatwa kwenye sanda. Ina harufu ya udongo wa mtu." Na kabla hatujasema lolote akatoa kilio, kile kilio kirefu cha akina mama wa pale ambacho hupandishwa halafu hakishushwi, kinaachwa juu.

Kilisikika mashambani. Akaja mama mmoja na jembe, akaja wa pili na mtoto mgongoni. "Kamwene," wakasalimu kwa Kihehe kwa sauti ya chini, wakaketi ukingoni mwa uwanja na miguu wameinyoosha, kama inavyokaliwa msibani. Hawakuuliza chochote, waliona nguo nyeupe, wakakaa. Ndani ya saa moja walikuwa wengi kuliko magari. Mama mmoja wa Kizungu alikuja kuchukua sweta lake, akawaona, akafurahi sana kwamba wenyeji wanapenda mashindano, akawapiga picha. Hakuna aliyetabasamu. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, tunamlilia nani?" Nikamjibu kwamba sijui. Shangazi Veronika ndiye aliyesema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nachungulia nyuma ya mlango. "Sanda ikishachanwa, marehemu yupo. Kama hajulikani, basi bado anakuja."

Filomena akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Sekela, kitambaa hiki ulinunua wapi?"

"Dukani," nikasema.

"Duka gani?"

"Duka la Mbeya, Filo. Duka tu. Bafta ni bafta."

Huo ndio uongo mdogo kuliko wote niliowahi kusema, mimi niliyewahi kudai kwamba niliogelea Ziwa Nyasa na kurudi, na ndio pekee ambao haukunichekesha. Wakati huohuo barabarani magari ya mashindano yalianza kupita. Tulisikia makelele, namba mbili, namba kumi na moja, namba nne. Kila likipita Filomena alikuwa anapanda kwenye jiwe kuangalia, anashuka. Namba tisa. Namba kumi na mbili. Mtu akapiga kelele kwamba namba tatu limepasuka gurudumu Mafinga, linakuja polepole, likaja polepole. Namba saba halikuja.

Shangazi Veronika akatukalisha. Dawa ni moja, akasema: kila nusu irudishwe kwa nusu yake, zote, bila kubaki hata moja, zifukiwe pamoja kabla jua halijazama. Zikikamilika, hakuna marehemu. Ndivyo kazi ya kuangalia maegesho, tuliyoianza kama mzaha, ilivyogeuka kuwa kazi ya kumwokoa Luka. Watazamaji walipoanza kurudi kuchukua magari yao hatukuwa wasichana wale wa asubuhi. Mtu alitoa nusu yake, Filomena akaipeleka kwenye gari, akalinganisha uzi kwa uzi, akaifungua ile ya garini, akazitia zote mbili kwenye kikapu. Yule mnene wa kofia mbili alikuwa amefutia pua ya kwake, tuliichukua hivyohivyo. Mwingine alisema ametupa. Nilimfuata kwa mikono na magoti kwenye nyasi mpaka nikaipata, na alicheka akasema anataka kuniajiri. Gari moja likaondoka, likaondoka lingine. Nyuma yetu akina mama walikaa, na kila gari lilipotoka mmoja wao aliinuka akaenda zake, kana kwamba walikuwa wamegawana magari.

Mwisho likabaki gari moja. La kijivu, kwenye kona ya chini, chini ya majabali, na utepe wake. Sikulikumbuka.

"Hili ulilipokea wewe," nikamwambia Filomena.

"Nililipokea mimi. Ulikuwa umekwenda kuchukua vibendera. Alishuka mama mmoja."

"Mama wa Kizungu?"

"Mama kama wewe na mimi. Na mimi nilishangaa, mwanamke anaendesha! Nikampa nusu yake, hakusema asante. Mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi hapa." Akajionyesha vifundo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa imefunguka mbele yangu, pana kama uwanja wenyewe. Ningesema: nimewahi kumwona, ni yeye aliyeniuzia, nisamehe. Lakini nilimwona Filomena, midomo imekauka, vidole vyekundu kwa kuchana, na nikafikiri kwamba Luka asipokuja, na mimi nimeshasema, basi nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nikanyamaza. Tulisubiri karibu na lile gari. Ndani kiti kilikuwa safi, hakuna hata kikapu, ila kwenye kanyagio palikuwa na udongo mbichi. Jua likafika kwenye kilima. Mama mwenye gari hakuja.

Aliyekuja ni Luka. Alikuja juu ya lori la mbao, amekaa kwenye magogo, leso ya kobe shingoni, anapunga mkono kama gavana. Gari namba saba lilikuwa limeingia mtaroni upande wa Mafinga, setla amevunjika kidole, yeye hana hata mchubuko. Filomena alikimbia akaanguka, akainuka, akaanguka tena; nilimcheka huku nalia. Hata akina mama wachache waliobaki walipiga vigelegele. Shangazi Veronika peke yake hakucheka. Alimgusa Luka kichwa, mabega, mikono, kama anayekagua mtungi, akasema taratibu, "Siyo huyu, basi." Akafukia kikapu chote palepale. Kipande cha gari la kijivu hakikufukiwa, kwa kuwa hakikuwa na mwenzake. Filomena alikifungua, akakikunja, akakitia kifuani. Jumatatu gari lenyewe halikuwepo. Majirani waliniapia hawakusikia injini.

Ndoa ikafungwa. Luka alizeeka akafa kitandani, mzee wa watu, miaka sita iliyopita. Mimi nilirudi Mbeya, nikaolewa, nikanenepa, nikapata sifa ya kuwa mwongo mchangamfu kuliko wote kuanzia Mwanjelwa hadi mpakani. Kila nilipomtembelea Filomena alinipikia viazi na majani ya maboga, na kila mara, tukishakula, alikuwa ananiuliza kana kwamba anauliza habari za mvua, "Sekela, bafta ile ulinunua wapi vile?" Nami nilijibu, "Dukani, Filo," na tulicheka. Nilidhani ni utani wetu. Nikiwa nimekalia kitanda chake na bati mapajani ndipo nilipoelewa kwamba yeye hakuwahi kutania. Alijua kwamba ninadanganya, na alinipa nafasi mara moja kila mwaka, maisha yote. Kipande kile alikitunza yeye, akingojea mwenzake, badala yangu mimi niliyekileta.

Maji yalikuwa yamenyamaza nyuma ya ukuta. Nikasema kwa sauti, nikiuelekea ukuta ule: "Filo, haikuwa dukani. Niliinunua kwa mama mmoja sokoni Mbeya. Mikono yake ilikuwa na udongo. Nilijua siku ileile." Nilikuwa bado nasema mlango ulipofunguliwa na Neema akaingia na vipande vyeupe begani. Sanda imekatwa, alisema, na kilichobaki wanakichana kwa ndugu, na bibi aliacha neno kwamba mimi nihesabiwe ndugu. "Samahani, Bibi, chako kimechanika vibaya. Kilinasa kwenye ukucha wa mama aliyekuwa anachana." Nikanyoosha mkono. Ncha moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Ncha nyingine imechanwa mshazari, na katikati palikuwa na pengo dogo, limepindia kushoto.

Nimewaambia mapema kwamba nitajizuia. Nilikiweka kile kipya, cheupe kama unga, juu ya goti, na kile cha zamani kando yake, nikavisogeza. Ulimi ukaingia kwenye pengo. Uzi kwa uzi. Nikamgeukia Neema. Nikamuuliza ni mama gani aliyechana, naye akatazama uani, akatazama tena. "Yule mgeni. Alikuwa hapa sasa hivi. Tulidhani amekuja na wewe kutoka Mbeya."

Nilimwomba anifunge vyote viwili, mkono mmoja. Kisha nikamwomba anishike, twende makaburini, nikavifukie pamoja kabla jua halijazama.